Usukani wa Chevrolet

Mke wa fundi saa aliinama mezani, kibanio mkononi, akiunga kigari cha plastiki: Chevrolet ya mwaka hamsini na saba, mapezi yake nyuma, kila kitu sawasawa na gari lenyewe ila kimepunguzwa hadi kikaenea kiganjani. Mumewe wa kwanza alikufa akakiacha nusu.

Fundi alisimama nyuma yake, akimwonea wivu marehemu. Mwanamume aliye hai mngepimana ubavu; huyu wa kaburini utamkamata wapi?

"Marehemu alisema rangi ya kiwandani ilikuwa hii hii," mkewe alisema, akitabasamu tabasamu ambalo fundi hajawahi kupewa.

Mkewe alipokwenda dirishani kuchukua gundi, fundi aliudokoa usukani. Ulikuwa mdogo kuliko kifungo cha shati. Akasikia mkewe anarudi, akautia chini ya ulimi.

"Mume wangu, umeuona usukani?"

Fundi akatikisa kichwa.

Mkewe alipiga magoti, akapapasa chini ya meza, akakung'uta hata kanga yake. "Jamani! Na nimeuacha uwe wa mwisho makusudi."

Fundi alimkodolea macho.

"Nilitaka uubandike wewe, kwa mikono yako hiyo ya saa," mkewe alisema, bado yuko sakafuni. "Limekuwa gari la marehemu vya kutosha. Sasa liwe letu."

Fundi alimeza mate kwa mshtuko, na papo hapo akajua hakumeza mate peke yake.