Sauti ya Trekta

Wamekuja tena. Wale wanaume wawili wa Munanila walikuwa wamekaa benchi la mbele, na safari hii walikuwa na bibi kizee katikati yao.

Philemon aliishika maiki. Katika lile banda la video pale Kasulu, yeye ndiye aliyewatafsiria watu filamu za kigeni, papo hapo, kila mhusika na sauti yake. Mwezi huu ilikuwa katuni ya mashindano ya magari. Shujaa hakuwa na mashabiki. Watu walifuata wapambe wa adui: pikipiki yenye kidomodomo na trekta kuukuu, waliomwaga oili barabarani na kutoboa matairi ya wenzao kwa amri ya bosi wao, gari jeusi lisilojua kusema asante.

Sauti ya trekta Philemon hakuitunga. Aliichukua nzima nzima kwa mzee mmoja, fundi baiskeli wa Munanila: kikohozi kikavu kwanza, kisha "Yemwe bana!", yaani enyi watoto, kisha Kiswahili kilichojaa Kiha. Watu walicheka mpaka mabenchi yakalia.

Jumapili iliyopita wale wawili hawakucheka. Waliinuka filamu ikiendelea, wakamfuata Esteri aliyekuwa akikata tiketi mlangoni.

"Huyo anayeongea kama marehemu baba yetu, Jumapili ijayo atakuwepo?"

Esteri alimwambia Philemon siku ileile. "Kaka, kimbia. Mmoja mpasua mbao yule. Mikono umeiona?"

Angekimbilia wapi? Mwenye banda alishasema: ukikosa siku moja, usirudi.

Sasa bibi kizee alikuwa ameketi upandeupande, skrini ameipa bega, sikio amelielekeza kwenye spika. Amekuja kupima kila neno, Philemon aliwaza. Wameleta shahidi.

Trekta likatokea. Vijana wa nyuma wakapiga makofi hata kabla halijasema. Philemon akasogeza maiki mdomoni.

"Oya wanangu, bosi kasema tumwage oili, fasta!" Sauti nyororo, ya kijana wa Dar.

Banda likapoa.

"Ah! Trekta limeokoka?" mtu akapaza sauti.

"Turudishie mzee wetu!"

Hakumrudisha. Alishikilia Kiswahili chake cha mjini kama mtu aliyeshikilia tawi juu ya mto. Bosi akakwama matopeni. Magari yote yakampita yakimcheka, pikipiki ikatoroka, trekta peke yake likarudi kumvuta. Jumapili iliyopita, hapo, watu walifuta machozi. Leo walitoka mmojammoja wakisonya.

Bibi hakutoka. Alitega sikio mpaka muziki wa mwisho ukanyamaza, vidole vimekaza pindo la kitenge.

Ndugu wawili wakasimama. Mkubwa alikuja, akamwekea Philemon kiganja begani.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, kaka. Lakini si mmesikia? Nimeiondoa ile sauti. Sitamwigiza tena mzee wenu, naapa."

Ndugu wakatazamana. Mdogo akageuza uso ukutani.

"Mama haoni," alisema mkubwa, polepole. "Tumemsukuma kwa baiskeli toka Munanila, tukamwambia leo atamsikia mumewe."