Mikono ya Baba Sikudhani

"Baba Sikudhani siku hizi hapendeki," Tunu alimwambia baba yake, akisogeza kikombe cha chai mbali na karatasi. "Wasomaji wanalalamika, na mimi naona wana haki."

Mzee Shempemba, aliyekuwa akimchora huyo baba wa katuni gazetini tangu Tunu akiwa wa kubebwa, hakuinua kichwa.

"Kakosa nini?"

"Zamani alimbeba Sikudhani mabegani. Alimsuka nywele, tena vibaya, tukacheka. Sasa mtoto analia, yeye kasimama tu, mikono mfukoni, anamwaga maneno makali. Umemchoka?"

"Watu huzeeka, mwanangu."

"Kuzeeka si kuacha kupenda, baba."

Sikudhani alikuwa ameshachorwa, analia, na baba yake amesimama kando bila mikono. Mzee alichovya kalamu kwenye wino. Tunu akaona ncha yake ikitetemeka kabla haijagusa karatasi. Ndipo akafahamu kwamba mfuko wa suruali ni mistari miwili tu, lakini mkono una vidole vitano.

Alisimama nyuma ya kiti cha baba yake, kama mzee alivyosimama zamani akimfundisha yeye kuandika, akaushika mkono wenye kalamu mpaka ukatulia ndani ya wake.

"Anza na dole gumba," alisema.

Dole gumba likatokea, limepinda kidogo, likielekea kwenye nywele za mtoto.