Maiki ya Mwisho Kushoto

Fundi wa sauti alisukuma kitelezi kimoja kwa kidole, na sauti ya kwaya nzima ikapanda. Nzima, kasoro mama yake.

Kwenye meza ile ya kidijitali ya kuchanganyia sauti mambo ni rahisi mno. Unachukua maiki za waimbaji wote, unazifunga kundi moja, na tangu hapo kitelezi kimoja kinazipandisha na kuzishusha kwa pamoja. Ukurasa wa skrini wenye maiki moja moja huna tena haja ya kuufungua. Fundi hakuufungua mwaka mzima. Maiki ya mama yake, ya mwisho kushoto, aliitoa kwenye kundi, akaishusha hadi chini, akageuza ukurasa haraka. Hakutaka kuiona tena.

Mwalimu wa kwaya ndiye aliyemwomba. "Sauti ya bibi inakwaruza siku hizi," alimwambia, akiangalia viatu vyake. "Kumwambia aache siwezi, ndiye aliyenifundisha mimi. Wewe mfungie tu, hatajua."

Fundi akakubali, na aibu haikumbanduka tena. Mama yake alizeekea kwenye jukwaa lile. Aliolewa na fundi wa ukumbi huohuo, na enzi hizo, katikati ya mazoezi, marehemu baba alikuwa akikaa pale mitamboni na hedifoni zake, akicheka peke yake mpaka watu wakamwona ana walakini. Mama naye alisimama jukwaani, uso mkavu, hana habari. Walipendana kupita kiasi wale. Leo mtoto wao ndiye wa kumziba mdomo?

Nyumbani hawakuwa watu wa maneno. Tangu baba afariki walikula kimya, na mazungumzo yao yaliishia kwenye chumvi na bili ya umeme. Ila kila Jumamosi, wakitoka ukumbini, mama alikuwa na swali lake.

"Leo ulinisikia, mwanangu?"

"Nilikusikia, Mama."

"Yote?"

"Yote."

Hapo mama hushusha pumzi, humpapasa bega, na njia nzima huwa mchangamfu. Fundi huendesha gari huku akijichukia. Ulikuwa uongo wa neno moja tu, lakini ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na kila Jumamosi aliumeza upya.

Leo ilikuwa siku ya kumuaga. Mama mwenyewe ameomba apumzike. Amekonda, gauni la kwaya linamning'inia, lakini alikuwa amesimama mahali pake palepale, maiki imegusa mdomo, midomo inakwenda. Mara kwa mara aliinua macho kumtazama mwanawe kule nyuma, na fundi, kama ilivyo kawaida yake, alikuwa akitikisa kichwa kufuata ngoma.

Safari hii alimwangalia, na moyo ukamshinda. Ataondokaje mtu kwenye jukwaa lake akiwa anaimbia chuma kilichozimwa? Potelea mbali, ubeti wa mwisho atamfungulia. Ukumbi umsikie hata kama anakwaruza, na mwalimu akitaka kununa, anune mpaka kesho.

Akaufungua ukurasa. Taa ya maiki ya mwisho kushoto ilikuwa ikiwaka kijani, inapanda na kushuka. Mwaka mzima ilikuwa ikiwaka hivyo, na yeye hakutazama. Machozi yalimlenga.

Lakini kazi ni kazi. Fundi hampeleki mtu ukumbini kabla hajamsikiliza mwenyewe. Maiki hata ikiwa imeshushwa hadi chini, kuna kitufe chake; ukikibonyeza, inakuja peke yake kwenye hedifoni, ukumbi usijue. Alizikaza hedifoni masikioni, akabonyeza.

Kwaya ilisikika kwa mbali, kana kwamba inaimba chumba cha pili. Sauti ya mama yake ilikuwa karibu kabisa, imekauka, inanong'ona. Hakuwa akiimba.

"...nyumbani hayatoki, mwanangu, unajua tulivyo. Ndiyo maana nimekuwa nikiyasemea hapa, wewe tu usikie, kama nilivyozoea kwa baba yako. Nisikilize basi kwa mara ya mwisho. Juzi nilirudi kwa daktari. Anasema ugonjwa umeshalila koo, hata wakipasua sasa hawataokoa kitu. Usilie hapo, watu watakuona. Siku ile nilipokuambia hapa kwamba sitaki kupasuliwa, nilikuwa naogopa utanikatalia. Ungekataa, ningekwenda. Lakini nilipokuuliza ukasema umesikia yote, na hukunipinga. Asante, mwanangu."