Kiti cha Dereva

Kwenye bohari moja la vipuri huko Landover, Marekani, Method alipindua kiti cha gari aina ya Dodge la mwaka 1969 akachomoa karatasi ya kiwandani iliyonasa kwenye springi. Namba ya chasisi iliyoandikwa ilikuwa ya gari lake mwenyewe, alilolinunua likiwa halina kiti cha dereva.

“Bibi harusi wa gari lako kapatikana,” nikamtania.

Muuzaji, mjane kutoka Mombasa, hakucheka. “Mume wangu alifia kwenye kiti hicho, mwanangu, gari limeegeshwa, hana hata mchubuko. Aliyelimiliki kabla yake naye vilevile. Ndiyo maana nikakitoa kiti, gari likauzwa peke yake. Nilidhani limeshapondwa kuwa chuma chakavu.”

“Kaka, twende zetu,” nikasema.

Method alikuwa ameshakisimamisha kiti na kukikalia. Bonde lililoachwa na migongo ya waliomtangulia kwenye ngozi lilimkaa sawasawa, na mikono yake ilishika usukani ambao haukuwepo.