Betri za Droo ya Chini

"Zote orijino, mzee," Bashiru mwenye duka aliniambia, akiniwekea juu ya kaunta kadi yenye betri kumi, zile bapa kama sarafu. "Chukua kadi nzima, bei ya bure. Rimoti yako itachoka yenyewe."

Nikamwambia siyo ya rimoti. Nikafungua leso, nikamwonyesha mashine ya mke wangu ya kupima sukari.

"Siku ya nne haiwaki. Betri nimeianika juu ya bati kama za redio, wapi! Mwenzangu anaogopa kula, hajui sukari imefika wapi. Nimetoka Sibwesa alfajiri."

Nilitegemea acheke, maana duka nililotoka walicheka. Hakucheka. Aliitazama ile mashine, kona yake iliyozungushiwa plasta, halafu polepole akaivuta kadi yake na kuirudisha kwenye msumari.

Nimezunguka masoko mengi, toka Kigoma mpaka Tunduma. Sijawahi kuona muuzaji anarudisha mali wakati mteja ameshika hela.

Akavuta droo ya chini, akatoa pakiti yenye betri moja tu, tarehe ya mwisho inasomeka vizuri.

"Hii bei imesimama kidogo, mzee, ila inafika mwaka. Ndiyo namnunuliaga mama."

"Naye ana mashine?"

"Kama hii hii."

Akaichomeka kwa ukucha. Kioo kikawaka, namba nyeusi zimekolea.

Nikampigia mke wangu simu. "Jioni songa ugali, mama. Nakuja, tunapima kwanza halafu tunakula."