Pembe za Shuka

Tangu maradhi yaingie mjini, hoteli haikuwa na mgeni. Meneja alimbakiza Tunu kazini; Mashavu akaambiwa akae nyumbani. Leo amekuja kurudisha sare, akamkuta Tunu peke yake chumbani akihangaika na shuka kubwa, lile walilokuwa wakilitandika wawili kila asubuhi.

"Shoga, hebu nishikie huko."

Mashavu alizitazama funguo zilizoning'inia kiunoni mwa mwenzake. Barakoa ilimficha mdomo, lakini kijicho hakikufichika.

"Kwani si wewe ndiye hodari?"

"Nimesema lini?"

Mashavu akashika pembe mbili. Shuka likapaa, likatua kitandani bila mkunjo hata mmoja.

"Basi, achia," alisema Tunu.

Mashavu akavuta. Tunu naye akavuta. Viatu vya meneja vikasikika koridoni, na shuka likazidi kukazika katikati yao.