Mapazia Mchana

Mlango ulijibamiza nyuma ya Sietse, na komeo la ndani likaanguka mahali pake. Alijua papo hapo kwamba amekwisha.

Alikuwa kwenye roshani ya kinu cha upepo, juu ya mashamba, na mlango ule haufunguki kwa nje. Oene, mwenye kinu, alimwonya asubuhi alipompa ufunguo: "Uweke gogo mlangoni, bwana. Upepo wa hapa hauna adabu." Sietse aliitikia huku macho yapo kwenye droni yake mpya, na gogo likabaki pale lilipo. Simu nayo aliiacha chini, ndani ya koti. Wapiga picha ndivyo walivyo. Wakipata chombo kipya husahau hata majina yao.

Alitaka picha ya kijiji kutoka angani, nyumba ya mama yake ikiwa katikati, ampe siku yake ya kuzaliwa. Habari za droni hakumwambia. Kwa Bi Hiltje, kamera aliyokuwa nayo mwanawe ilitosha kabisa, na ile ya kabla yake pia ilitosha.

Asubuhi hiyo mama hakugusa mkate. Tangu majira ya baridi moyo ulikuwa ukimsumbua, na daktari alisema asiachwe peke yake kwa muda mrefu.

"Nenda zako," alimwambia Sietse. "Unanikodolea macho kama ng'ombe. Mradi uwahi kahawa ya saa nne."

Saa nne ilikuwa imeshapita. Sietse alipiga kelele mpaka koo likauma, na kondoo wawili wakainua vichwa, wakaendelea kula. Hofu ilianza kumpanda. Ndipo akakumbuka kwamba mikononi ana kitu kinachoweza kuruka.

Akairusha droni. Kwenye kioo cha rimoti akamwona jirani yao Baukje akianika shuka. Akaishusha mbele yake, akaichezesha juu chini kama mtu anayeita. Baukje aliikunjia ngumi, akabeba beseni lake, akaingia ndani.

Akaipeleka nyumbani. Kioo cha dirisha la sebuleni kilikuwa kikiakisi mawingu tupu, asione lolote la ndani. Akaisogeza karibu, akaichezesha, akaizungusha hadi dirisha la jikoni, akairudisha mbele.

"Mama, chungulia nje mara moja tu," alisema, kana kwamba anasikika.

Hakuna aliyetoka. Betri ikaanza kulia, ikabidi airudishe.

Alipoweka betri ya akiba na kuirusha tena, alikuta mapazia yamefungwa. Yote, mbele na nyuma.

Kijijini kwao mapazia hayafungwi mchana. Watu hula, hugombana na husinzia vitini mbele ya macho ya wapita njia, na anayejifungia husemwa ana la kuficha. Mapazia hufungwa kwa jambo moja tu: maiti akiwa ndani.

Akakaa chini kwenye mbao. Alimwacha mama yake peke yake kwa ajili ya mchezo wa angani. Labda alimwita. Labda alijikokota hadi mlangoni akitazama barabara, na mwanawe yupo juu ya kinu anapiga picha za paa. Akainuka, akavusha mguu mmoja juu ya ukingo wa roshani, akatazama chini, akaurudisha. Akajichukia kwa kuurudisha.

Kwenye kioo cha rimoti, watu walikuwa wameanza kukusanyika barabarani. Baukje alishavaa koti jeusi. Wanaume walivua kofia. Hakuna aliyegonga mlango, maana saa za mwanzo za msiba huachiwa wenye nyumba. Bendera ya kanisa ikashushwa nusu mlingoti. Kisha akamwona Oene akipanda baiskeli kuja upande wa kinu, na hakuhitaji kuambiwa anafuata nini. Akifa mtu kijijini, mabawa ya kinu husimamishwa katika mkao wa msiba.

Sietse akairudisha droni, akaikumbatia, akalia.

Komeo lilipoinuliwa, Oene alisimama mlangoni kofia ikiwa mkononi.

"Sietse? Wewe bado uko huku?"

"Nimejifungia, mzee. Tangu asubuhi."

"Pole sana, kijana wangu. Pole. Sisi tukajua ulisharudi, uko naye ndani." Oene akakuna kichwa. "Sasa kama uko huku, nani amefunga mapazia?"

Sietse hakungoja kufikiri. Alishuka ngazi mbilimbili, akanyakua baiskeli ya mzee wa watu, akaendesha kwa mkono mmoja, droni kwapani. Hata kuiacha hakukumbuka. Watu walimpisha. Baukje alimgusa begani. Akasukuma mlango, akaingia gizani.

"Mama," aliita.

"Funga mlango, haraka!"

Bi Hiltje alichomoza nyuma ya kabati, nywele timtim, ufagio ameushika kwa mikono miwili.

"Ulikuwa wapi wewe? Kuna mpumbavu ameleta dude lake linanichungulia! Sebuleni lipo, nikikimbilia jikoni nalo lipo, mpaka nimefunga mapazia kama niliyekufa. Ngoja nimjue tu ni nani."

Kisha akaona kilichokuwa kwapani mwa mwanawe.